Machozi ya Mama Yalipogeuka Rangi

Mali bila daftari huisha bila habari. Wafanyabiashara wa pwani wameutumia msemo huu miaka na dahari kuwaonya vijana wao wasikopeshe bila kuandika. Lakini jamaa nayo ina mali yake, isiyopimwa kwa ratili wala kuhesabiwa kwa shilingi. Mali hiyo ni kumbukumbu: nani alizaliwa wapi, nani alizikwa wapi, bibi alivaa leso gani siku ya harusi ya mwanawe, na bahari ilikuwa vipi siku ile jahazi lilipoondoka. Mali hii nayo yataka daftari. Daftari lake laweza kuwa utenzi, laweza kuwa mlango wenye nakshi, laweza kuwa leso iliyokunjwa ndani ya kasha, na laweza pia kuwa mchoro.

Leo ukurasa huu wazungumza habari za michoro iliyotokana na kumbukumbu ya jamaa moja ya Unguja. Tumewakusudia wasomaji wetu wote, lakini kwa namna ya pekee tumewakusudia ndugu zetu wa pwani wanaoishi bara na kulea watoto huko, kama wale walioko Tassia, katika jiji la Nairobi.

KWA NINI TASSIA?

Asiyeifahamu Tassia na aelewe kwamba ni mtaa wa Eastlands, upande wa Embakasi, kando ya barabara ya Outer Ring, jirani na Fedha na Pipeline. Ardhi yake ilikuwa ya NSSF, lile shirika la akiba ya wafanyakazi, kisha ikagawanywa viwanja na watu wakajenga. Na wamejenga kwelikweli! Ghorofa zimepanda zikabanana hata mtu wa dirisha hili aweza kumwamkia wa dirisha lile bila kupaza sauti. Humo wanaishi watu wa kila kabila na kila dini, wengi wao wakifanya kazi viwandani, uwanja wa ndege, madukani na katika maofisi ya mjini. Na watu wa Mombasa, Malindi, Kwale na Lamu nao wamo, waliofuata riziki kama ilivyo desturi ya binadamu tangu zamani.

Hatusemi Tassia ni mahali pabaya. Riziki ya halali popote ipatikanapo ni ya kushukuriwa. Tunalosema ni kwamba nyumba ya Tassia haikujengwa ili ikumbuke. Nyumba ya pwani, ndugu msomaji, hukumbuka yenyewe hata wenyewe wakisahau. Ina baraza alipokaa babu baada ya sala ya alasiri. Ina kisima ambacho kila mtu ajua kilichimbwa na nani. Ina zidaka ukutani, ina mlango ambao fundi wake hutajwa jina, na nyuma yake pana ua ambamo kina mama walikuna nazi huku wakisimuliana. Mtoto aliyelelewa humo hahitaji somo la historia ya ukoo. Hukanyaga historia hiyo kila asubuhi akienda chuoni.

Lakini mtoto wa Tassia amezaliwa katika vyumba viwili vya kukodi. Kodi ikipanda, jamaa huhama. Vyombo huingia katika gari, na kila uhamisho hupoteza kitu: leo chetezo, kesho picha ya babu, keshokutwa lile kasha dogo la barua. Na ziko hasara kubwa kuliko hizo. Mwezi wa Desemba mwaka 2019 jengo moja la ghorofa liliporomoka huko huko Tassia na watu wakapoteza maisha yao. Mwenyezi Mungu awape subira waliofiwa. Jengo likianguka, pamoja na roho zinazopotea hufukiwa pia kila kilichokuwa kikiwakumbusha waliobaki.

Basi swali letu ni hili: mtoto ambaye hakuiona nyumba ya bibi yake, hakukaa juu ya baraza lake, wala hakumzika babu yake, yeye aweza kukumbuka nini? Na hicho asichokiona kwa macho yake chaweza kuwa chake? Jawabu tutalipata kwa mwanamke mmoja mzaliwa wa Unguja, ambaye habari zake hazijulikani kwetu kiasi zinavyostahili.

MTOTO WA MIEZI MINNE

Lubaina Himid alizaliwa Unguja mwaka 1954, wakati visiwa vilikuwa bado chini ya himaya ya Uingereza. Baba yake alikuwa mtu wa huku kwetu. Mama yake alikuwa Mwingereza, na kazi yake ilikuwa kubuni mitindo ya vitambaa. Mtoto alipokuwa na umri wa miezi minne tu, baba akafa kwa malaria. Mola amrehemu. Mama, mgeni katika nchi na mjane akiwa na kichanga mikononi, akafunga mizigo akarudi kwao, na mtoto akakulia London.

Hebu tutafakari jambo hili. Kitoto cha miezi minne hakijui kusema, hakijui kukaa, hakitofautishi bahari na mbingu. Mtoto huyo hakuwa na kumbukumbu hata moja ya Unguja. Hakumkumbuka baba yake kwa sura wala kwa sauti. Kile alichokuwa nacho kilitokana na mama: maneno yake, kimya chake, na huzuni yake. Sisi watu wa pwani tunaijua vizuri huzuni ya namna hiyo. Tunajua jinsi wanawake wanavyojaa katika nyumba ya msiba, wakakaa chini juu ya mikeka, na kilio kikapokezwa kutoka kwa huyu hadi kwa yule. Lakini mjane wa London hana wa kumpokeza kilio chake. Huzuni yake hubaki ndani ya nyumba pamoja na mtoto, na mtoto hukua nayo kama anavyokua na ndugu yake.

Jambo la pili alilopata kwa mama ni kitambaa. Nyumba ya mbunifu wa vitambaa ni nyumba ya rangi, ya maua yanayojirudia, ya mistari na madoa. Mtoto wa kike akalelewa akitazama vipi ua moja likirudiwa mara mia hugeuka kuwa vazi. Alipokua alisomea upambaji wa majukwaa ya michezo ya kuigiza katika chuo cha sanaa cha Wimbledon, akamaliza mwaka 1976. Baadaye, mwaka 1984, akapata shahada ya juu katika historia ya utamaduni kwenye Royal College of Art, London.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1980 hakukaa kusubiri afunguliwe mlango. Wanawake weusi wenye kuchora walikuwa wakipuuzwa na majumba makubwa ya sanaa ya Uingereza, basi yeye akaanza kuwaandalia maonyesho mwenyewe. Moja lilifanyika mwaka 1983 katika Africa Centre, London, na jingine lililosifika likafanyika mwaka 1985 katika jumba la ICA huko huko London. Kisha akahamia kaskazini, mji wa Preston, akawa mwalimu na hatimaye profesa wa sanaa katika Chuo Kikuu cha Central Lancashire.

KISIWA KILIPOMRUDIA

Miaka arobaini na kitu ikapita. Katika miaka ya 1990, akiwa mtu mzima, akarudi Unguja kukiona kisiwa alichozaliwa. Baada ya safari hiyo akachora mkururo wa michoro ya tarehe ya 1999, aliyoipa jina la kisiwa chenyewe: Zanzibar.

Mtu atatarajia nini katika michoro ya namna hiyo? Labda jahazi na tanga lake. Labda mnazi, mlango wa Mji Mkongwe, bibi mwenye buibui. Watalii wamezoea kununua picha za namna hiyo kila siku Forodhani. Lakini Lubaina hakuchora hayo. Michoro ile ina mitindo na rangi zinazojirudia, ina alama kama za maji yanayotiririka na mambo yanayoonekana nusu nusu kama mtu anayechungulia katika dirisha la mbao. Picha nyingi zimewekwa mbili mbili, ubavu kwa ubavu. Mmoja wa michoro hiyo jina lake kwa lugha yetu ni kama kusema, Machozi ya Wanawake Yaijaza Bahari. Mwingine unazungumza na bahari na mawimbi, na katika jina lake mna kuagana na mna kuamkiana.

Hapo ndipo palipo na hoja yetu. Mwanamke huyu hakujifanya anakumbuka asichokumbuka. Hakubuni sura ya baba akaibandika ukutani na kusema huyu ndiye. Alichora kile alichorithi kwa hakika, nacho ni huzuni ya mama yake, na kuondoka, na maji mengi yaliyo kati ya nyumba mbili. Kumbukumbu ile haikuwa yake kwa kuiona. Ilikuwa yake kwa kuirithi, kama mtu anavyorithi shamba alilolima babu yake. Shamba ni lake ingawa jasho la kwanza si lake.

LESO, KITABU CHETU CHA UKUTANI

Msomaji wa pwani akielezwa habari ya picha zilizowekwa mbili mbili, zenye mitindo inayojirudia na jina lenye fumbo, atakumbuka nini? Bila shaka atakumbuka leso, au kanga kama wasemavyo Unguja. Leso huuzwa jozi. Ina pindo lake linalozunguka, ina mji wake katikati, na ina jina lake lililoandikwa. Jina hilo ndilo linaloizungumzia leso: huomba dua, husifu mama, hukebehi jirani, huaga, hulalamika.

Lubaina Himid mwenyewe ameitumia sana kanga katika kazi zake za baadaye. Ametengeneza picha zenye mpango ule ule wa pindo, mji na maneno, akaufanya mtindo wa mama zetu uzungumze katika majumba ya sanaa ya Ulaya. Wenye kuzitazama huko huona ugeni. Sisi tungeziona tukasema: Ah, hii naijua, shangazi yangu anayo.

Na kweli leso ni hazina. Pale Mombasa liko duka la Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa alama ya Mali ya Abdulla, lililoanza biashara mwaka 1887. Leso za duka hilo zimewafunga watoto mgongoni, zimewafunika mabibi harusi, na zimetandikwa misibani. Mwanamke wa pwani anapofungua kasha lake na kutoa leso moja moja, kwa hakika anafungua kitabu. Hii ilikuwa ya arubaini ya mtoto. Hii nilipewa na marehemu dada. Hii niliivaa siku niliyopanda gari la moshi kwenda Nairobi. Lakini kitabu hicho kina ila moja: hakisomeki bila mwenyewe. Bibi akifariki bila kusimulia, leso hubaki kitambaa. Wajukuu wataigawana, au wataipangusia meza.

VIPI KUHUSU TASWIRA?

Najua baadhi ya wasomaji wanayo dukuduku. Watauliza: Je, sisi Waislamu tuna nini na michoro? Wanavyuoni wamelizungumza suala la taswira kwa urefu. Wako wengi waliokataza kuchora chenye roho, na wako waliofafanua na kutofautisha baina ya hali na hali. Ukurasa huu si mahali pa kutoa fatwa, na mwenye shaka na amwendee sheikh wake. Ila liko jambo moja lililopokewa katika hadithi sahihi, kwamba mtu mmoja aliyekuwa akiishi kwa kazi ya kuchora alimwendea Ibn Abbas, radhi za Mungu ziwe juu yake, naye akamnasihi kwamba ikiwa hana budi kuchora, basi achore miti na visivyo na roho.

Tukiitazama pwani yetu kwa jicho hilo tutaona kwamba wazee wetu waliufuata mlango huo na wakafika mbali mno. Tazama milango ya Lamu na Unguja, na zile nakshi za maua, minyororo na mawimbi. Tazama zidaka za chokaa katika nyumba za kale za Lamu. Tazama misahafu iliyonakiliwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ambayo pambizo zake zimepambwa kwa rangi hata mtu husita kuifunua kwa heshima. Tazama kofia ya vito, iliyotobolewa tundu moja moja na kushonwa kwa miezi. Hakuna sura ya mtu katika hayo yote, wala hakuna upungufu.

Mimi binafsi nilisomea chuo cha Qurani kwa ubao. Tuliandikiwa kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi, na tukihitimu sura huufuta ubao, tukaanza upya. Kabla sijajua maana ya neno lolote nilikuwa nimekwisha jua kwamba mkunjo wa herufi waweza kuufurahisha moyo. Kwa hivyo nilipozisoma habari za michoro ile ya Zanzibar, isiyotegemea sura ya baba wala ya mama bali mitindo, maji na rangi, sikuona jambo la kigeni. Niliona binti wa Unguja aliyepotezwa na bahari akarudi nyumbani kwa njia ya nakshi, labda bila ya kujua kwamba ni njia ya wazee wake.

MAJINA MIA MOJA

Hapana budi tutaje kazi yake nyingine, maana nayo yahusu kumbukumbu, tena ile tusiyoipenda. Mwaka 2004 Lubaina alitengeneza sanamu za mbao bapa 100, kila moja kimo cha mtu, zilizopakwa rangi za kuvutia. Ni watumwa wa Kiafrika katika majumba ya matajiri wa Ulaya: wapiga ngoma, washona viatu, wafinyanzi, wachoraji wa ramani, waganga wa mitishamba. Kila mmoja ana maelezo yake. Husema jina lake la kwao, kisha jina alilobandikwa na bwana wake. Kazi aliyokuwa akifanya kwao, kisha kazi anayofanyishwa sasa. Na mwisho husema kitu kinachomliwaza.

Sisi wa mwambao hatuwezi kulitazama jambo hili kama la Wazungu peke yao. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na wako miongoni mwetu ambao babu zao waliuza, na wako ambao babu zao waliuzwa, na wako ambao wana yote mawili katika damu moja. Aghlabu hadithi hizo hufichwa. Bibi akiulizwa, hugeuza mazungumzo. Lakini kumbukumbu ya jamaa haichaguliwi tamu ikatupwa chungu. Mwenye kumnyima mjukuu jina la kweli la babu yake amemnyima urithi, hata kama nia yake ilikuwa kumsitiri.

HESHIMA ILIPOKUJA

Kwa miaka mingi kazi ya Lubaina ilijulikana na wachache. Heshima ilipokuja ikaja kwa kishindo. Mwezi wa Desemba mwaka 2017, katika mji wa Hull, alitunukiwa Tuzo ya Turner, ambayo ndiyo tuzo mashuhuri kuliko zote za sanaa nchini Uingereza, pamoja na pauni 25,000. Alikuwa na umri wa miaka 63. Hapo kabla sheria ya tuzo ilikuwa ikiwazuia waliofika miaka 50, na mwaka huo ndio sheria hiyo ilipoondolewa. Akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, na mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote waliokuwa wamekwisha kushinda hadi wakati huo. Kuanzia Novemba 2021 jumba la Tate Modern la London likaonyesha kazi zake kwa miezi mingi, na mwaka 2023 zikaonyeshwa Sharjah, katika Ghuba, mahali ambapo Kiswahili si lugha ngeni. Kisha akachaguliwa kuiwakilisha Uingereza katika maonyesho ya Venice ya mwaka 2026.

Kitoto kile cha miezi minne, kilichoondolewa Unguja mikononi mwa mjane! Hayakawii kutimia majaliwa ya Mungu.

MAJIRANI WA TASSIA

Sasa turudi Nairobi, maana wako watakaosema: Hayo ni ya Ulaya, kwenye vyuo vya fedha nyingi. Mtoto wetu wa Tassia atapata wapi nafasi kama hiyo?

Na avuke barabara. Ng'ambo ya Outer Ring, upande wa Viwandani, iko mitaa ya mabanda ya Mukuru. Huko Lunga Lunga kiko kikundi cha wasanii kilichoanza mwaka 2004, kinachofundisha watoto kuchora. Jina lake ni Wajukuu. Jina hilo peke yake ni somo! Hawakujiita mabingwa wala manguli, walijiita wajukuu, yaani watu wenye kuwatazama waliowatangulia. Mwaka 2022 kikundi hicho kilialikwa Kassel, Ujerumani, katika maonyesho ya Documenta, ambayo hufanyika mara moja kila miaka mitano na ni miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Huko walijenga njia ya kuingilia jumba kwa mabati makuukuu, kwa mfano wa manyatta ya Kimaasai na mabanda ya kwao. Walikumbuka kwao kwa mabati kama Lubaina alivyokumbuka kwa rangi. Na mwaka huo huo wakatunukiwa Tuzo ya Arnold Bode, ambayo hutolewa katika mji huo.

Tena yuko msanii wa Nairobi, Kaloki Nyamai, mzaliwa wa Kitui, ambaye michoro yake mikubwa iliyoshonwa na kuunganishwa imechimbuka katika hadithi za Wakamba alizosimuliwa na bibi yake. Huyo naye alikuwa miongoni mwa walioiwakilisha Kenya katika maonyesho ya Venice mwaka 2022. Mkamba amechukua ya bibi yake, mtoto wa Mukuru amechukua ya wazee wake, na mzaliwa wa Unguja amechukua ya mama yake. Je, mtoto wa Mvita aliyeko Tassia atachukua ya nani, ikiwa nyumbani hasikii ila kelele za televisheni?

KAZI NI YA WASIMULIZI

Watu wengi hudhani mchoro huanza siku mchoraji anaposhika brashi. La hasha. Mchoro wa kumbukumbu huanza miaka mingi kabla, siku mama au bibi anapofungua kinywa. Akifungua kinywa, mtoto hupata kitu cha kubeba. Asipofungua, hata mtoto akipewa rangi za dunia nzima atachora vya watu: atachora theluji asiyoijua na ngome za wafalme wa sinema.

Na kusimulia hakutaki gharama. Siku ya Ijumaa jioni baada ya chakula, simu zikiwekwa kando, mama aweza kufungua sanduku na kutoa leso moja tu. Aseme jina lake, aseme aliipata lini, na nani alikuwapo. Mtoto apewe daftari na kalamu za rangi aige pindo lake, aandike jina lake kwa mkono wake, na upande wa nyuma aandike habari aliyosikia na tarehe. Likizo wakishuka Mombasa au Lamu, ampelekee bibi daftari lile alisahihishe, maana bibi hatakosa la kusahihisha. Atasema, si hivyo, mama yako alikuwa mdogo, hakuona, ilikuwa hivi. Na hapo ndipo mlango mwingine utakapofunguka.

Wala wasiseme wazazi kwamba yao ni madogo, hayafai kusimuliwa. Mama wa Lubaina hakuwa malkia. Alikuwa mjane kijana mwenye mtoto mchanga na mizigo michache. Jambo lililomfika ni jambo linalowafika wanawake wengi kila mwaka: mume kuugua homa, kufa na kuzikwa, na maisha kulazimika kuendelea. Ila mwanawe aliibeba huzuni ile miaka arobaini na zaidi mpaka akaipatia rangi, na leo watu wasiojua Unguja iko wapi husimama mbele yake wakanyamaza.

Wala hatujui ni yupi. Huenda miongoni mwa watoto wanaopanda na kushuka ngazi za ghorofa za Tassia leo, wakibeba mitungi ya maji na mikoba ya shule, yumo mmoja ambaye Mola amempa mkono na jicho. Kipaji atapewa na Mungu, ufundi atafundishwa na walimu, na rangi zitapatikana dukani. Kumbukumbu hana pa kuipata ila kwa mama yake, bibi yake na shangazi zake, nao hawana ahadi ya kuishi milele. Kwao naupeleka ubeti huu:

Usifungie sanduku, yale uliyopitia,
Wasimulie wajuku, wapate kukusikia,
Ya mchana na usiku, ya kicheko na kulia,
Hatayajua ya huku, mwana usipomwambia.